Kipepeo wa Buluu na Sisimizi

Katika inchi ya Uingereza mnakaa kipepeo mdogo wa rangi ya buluu, mwenye madoa meusi mabawani. Akitandaza mabawa, upana wake ni sentimeta 4 au 5 tu. Huonekana mwezi wa 6 na wa 7. Kila mmoja huishi siku chache, kisha hufa.

Kumpiga picha si kazi rahisi. Jua likiwa kali, huruka mbio, na akitua hufunga mabawa. Lakini asubuhi mwili wake ungali baridi; basi huyafungua apate kuota jua. Ndipo mpiga picha husogea polepole, hupiga magoti, na kuangalia kivuli chake kisimfikie. Kivuli kikimgusa tu, kipepeo amekwenda.

Zamani vipepeo hao walikuwa wakipungua. Watu walidhani kosa ni la wale wanaowakamata kwa nyavu, wakajenga ua mahali pengine ili kuwazuia. Lakini vipepeo walizidi kupungua. Katika miaka ya 1970, mtaalamu Jeremy Thomas aliwatazama na kuwahesabu kwa uvumilivu, akavumbua sababu.

Kipepeo huyu hutaga mayai juu ya maua ya mmea mdogo wenye harufu nzuri. Kiwavi hula maua hayo majuma 2 au 3, kisha hujiangusha chini. Sisimizi mwekundu humkuta, huramba maji matamu ya mwili wake, na kumbeba mpaka shimoni, akidhani ni mtoto wao. Humo kiwavi hula watoto wa sisimizi karibu miezi 10. Kumbe, mgeni ni mwizi!

Sisimizi hao hupenda udongo wenye joto. Tangu mwaka 1953 ugonjwa uliua sungura wengi. Majani yakarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapotea. Tena ule ua uliwazuia wanyama wasiingie kula majani. Mwaka 1979 kipepeo akakwisha kabisa katika Uingereza.

Lakini sababu ilikuwa imekwisha kujulikana. Watu wakarudisha mifugo malishoni, na mwaka 1983 wakaleta vipepeo wengine kutoka Uswidi. Leo wanaruka tena.

Katika Kongo pia wamo vipepeo wadogo wengi wa jamaa hiyo, na wengine hukaa na sisimizi. Atazamaye kwa uvumilivu huona mengi.

Maulizo
1. Kwa nini mpiga picha huamka mapema?
2. Sisimizi hudanganywa namna gani?
3. Ua ulileta hasara gani?
4. Tazama kipepeo mmoja karibu na shule. Anatua juu ya mmea gani?