SOMO LA MAKATIBU: LORI LILILOONGEZEWA SPRINGI

Baadhi ya vyama vya msingi huongeza vyuma vya springi za nyuma kabla msimu wa ununuzi haujaanza. Sababu yake inaeleweka, kwani njia za kwendea vituo vya kununulia mazao zina mashimo na makorongo. Lakini springi zikishafungwa, huzuka imani kwamba lori sasa laweza kupakiwa zaidi na kukimbizwa popote. Imani hiyo ni ya hasara, na wanaoilipia ni wanachama.

1. Kazi ya springi
Springi hupokea pigo la barabara kwa kupinda, kisha hujirudi. Vyuma vikiongezwa, springi huwa ngumu na hupinda kidogo tu. Pigo ambalo springi haikulipokea halipotei, bali hupita hadi kwenye ekseli, chesisi na bodi. Ndiyo maana lori la namna hii hurukaruka sana likiwa tupu. Nalo tairi likiacha ardhi, breki na usukani havina la kufanya.

2. Uzito
Kiwanda hupanga uzito wa mwisho kwa kuangalia ekseli, tairi, breki, chesisi na springi kwa pamoja. Kuimarisha kimoja hakuviimarishi vingine. Tuseme lori limeandikiwa tani 7. Baada ya kuongezewa springi, bado ni la tani 7. Mizani nayo haiulizi habari za springi: chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli moja yenye tairi nne haipaswi kuzidi tani 10.

3. Mwendo
Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo katika lori huongezeka mara nne. Basi lori linaloingia shimoni kwa kilomita 40 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile la kilomita 20. Dereva apunguze mwendo kabla ya kufika shimoni, na aachie breki kabla gurudumu halijaingia, kwa sababu breki iliyokanyagwa huzielemea springi za mbele. Korongoni atumie gia ndogo, na asikanyage klachi katikati.

4. Ukaguzi
Boti kubwa zenye umbo la U, zinazofunga springi kwenye ekseli, zikazwe tena baada ya safari za kwanza zenye mzigo. Zikilegea, boti ya katikati hukatika, ekseli husogea, na lori huenda upande. Kila asubuhi dereva atazame kama kuna chuma kilichopasuka, na kama shokomzoba zinavuja mafuta. Chuma cha springi kilichovunjika kisichomelewe, kwa kuwa moto huondoa ugumu wake na kitavunjika tena njiani. Kibadilishwe.

5. Wajibu wa kamati
Lori likivunjika, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Lakini mara nyingine kamati ndiyo iliyomwamuru amalize kwa safari moja mzigo wa safari mbili. Gharama ya mafuta iliyookolewa siku hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya ekseli, tena mazao hubaki kituoni yakisubiri mvua, na mkulima hubaki akisubiri malipo yake. Kwa hiyo kamati iandike katika kumbukumbu za mkutano uzito wa mwisho wa lori lake, na Katibu aweke daftari la safari, mizigo na matengenezo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili
(a) Je, uzito ulioandikwa kwenye lori la chama chenu ni tani ngapi? Msimu uliopita lilibeba tani ngapi?
(b) Boti za springi zilikazwa lini, na ni nani aliyeandika?
(c) Dereva akikataa mzigo uliozidi, kamati itamtetea?