Baiskeli haipandi kwa hasira

Mimi ni mtoto wa Ifakara, na mtu wa Ifakara akikwambia anajua baiskeli, mwamini. Kwetu kila mtu ana baiskeli, na mji wenyewe umelala kama meza. Nilijifunza kuendesha nikiwa mdogo mno kufikia siti, mguu mmoja umepitia chini ya bomba la juu, mwili wote umepinda upande mmoja. Kwa hiyo nilipopangiwa TP kwenye shule moja ya sekondari huko Mngeta, bonde lilelile la Kilombero, sikuona kitu kipya cha kujifunza kuhusu usafiri. Kumbe Mngeta ina pande mbili. Upande mmoja ni mashamba ya mpunga, tambarare mpaka macho yachoke. Upande wa pili ni milima ya Udzungwa, imesimama hapo hapo nyuma ya nyumba za watu.

Nilifundisha Fizikia kidato cha pili. Upimaji wa taifa wa Novemba ulikuwa unakuja, nami nikaanzisha kipindi cha ziada, saa 9 hadi saa 11 jioni. Kijana mmoja alikuwa anaondoka saa 9 na nusu kila siku. Nilimwonya mara ya kwanza. Mara ya pili nilimsimamisha mbele ya wenzake na kumwambia maneno ambayo leo sipendi kuyakumbuka, likiwemo neno "mvivu". Hakujibu kitu. Baada ya kipindi cha kesho yake alinifuata ofisini, akasema, "Shikamoo madam. Naomba siku moja twende wote mpaka nyumbani, uone."

Nikakubali, nusu kwa udadisi na nusu kwa hasira. Nilikuwa na baiskeli ya kuazima (bumu lilikuwa bado, mnajua wenyewe). Asubuhi yeye hushusha ndizi kutoka juu na kuziuza kabla ya kengele. Jioni hupandisha mahitaji ya nyumbani. Siku hiyo ilikuwa kilo 25 za unga na dumu la lita 5 la mafuta ya kula. Nikamwambia mzigo huo niachie mimi, na nikaufunga kwenye keria yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua kasi. Nilipoona mwinuko nilikanyaga pedali kwa nguvu zote, nikaingia kilimani mbio. Baada ya hatua kama ishirini baiskeli ilisimama kama imefungwa kamba. Gurudumu la mbele likanyanyuka, nikaenda chini na unga wangu. Yule kijana alisubiri nijipanguse vumbi, halafu akasema kwa upole, "Madam, baiskeli haipandi kwa hasira."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Aibu ni mwalimu mzuri wa hesabu. Tuseme nilifika chini ya kilima kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 18 kwa saa. Nishati yote ya mwendo huo, ikigeuka kuwa kimo bila kupotea hata kidogo, inakupandisha mita 1.3 tu. Tulipima ile njia baadaye kwa chupa ya maji na rula: kwa kila mita 10 unapanda mita 1 hivi, na kuna vipande vikali zaidi. Maana yake mbio zangu zote zilininunulia mita 13 za njia, nami nilizilipia kwa pumzi yote. Kasi inafaa kwenye kinundu kifupi, kama tuta la daraja. Kwenye mlima mrefu, fika chini ukiwa umepumzika.

Hesabu ya pili ndiyo iliyoniumiza zaidi. Baiskeli zetu hizi zina gia moja. Yangu ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2. Kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja, unasogea karibu mita 5.4. Mimi nina kilo 58, baiskeli kama 20, mzigo 30, jumla 108. Kwenye mwinuko ule, bila hata kuhesabu msuguano, mguu lazima ukandamize pedali kwa wastani wa kilo 54 muda wote wa mzunguko, hata pale pedali inapopita juu na chini ambapo mguu hausukumi chochote. Yaani uzito wangu karibu wote, bila kupumzika. Na ili baiskeli isiyumbe ukitaka mizunguko 40 tu kwa dakika, unahitaji uwezo wa wati 380. Hiyo ni kazi ya mwendesha baiskeli wa kulipwa. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kudumu na wati 100 au zaidi kidogo, na wati 100 zinakupandisha pale kwa kilomita 3 na ushee kwa saa. Huo ni mwendo wa kutembea.

Kwa hiyo kijana hakuwa mvivu. Alikuwa anahitaji karibu saa mbili za mwanga kufika kwao, na jua la mwezi wa nane linazama saa 12 na nusu. Mimi nilitaka aanze kupanda saa 11.

Sasa ufundi wenyewe, kama nilivyofundishwa na mwanafunzi wangu jioni zilizofuata. Kwanza ni mzigo. Ukiuweka wote nyuma, mlima unaumalizia kukuangusha kinyumenyume. Yeye dumu alilitundika mbele kwenye usukani, unga akausogeza mpaka ukagusa siti, akafunga kwa mipira ya tyubu mpaka ukipiga kofi hautikisiki. Mzigo unaocheza unakula nguvu kila hatua. Siti nayo: kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini, mguu unyooke. Yangu ilikuwa chini mno, ndiyo maana magoti yaliniwaka.

Kusimama kwenye pedali kunasaidia, maana unatumia uzito wa mwili badala ya misuli peke yake, huku mikono ikivuta usukani upande wa mguu unaokanyaga. Ila kwenye changarawe ukisimama tairi la nyuma linakosa uzito na kuteleza. Pale kaa, sogea ncha ya siti, inamisha kifua. Halafu kuna kwenda kombokombo, kukata njia kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiikata kwa nyuzi 45, mwinuko wa 10 kwa 100 unakuwa kama 7 kwa 100, lakini njia inarefuka karibu mara moja na nusu. Hii ni mashine rahisi ya bapa mteremko, ile ile niliyoifundisha darasani kwa Kiingereza wakanitazama tu. Usifanye hivyo kwenye kona. Bodaboda wanaoshuka huzima injini kuokoa mafuta, huwasikii.

Na kuna kukokota. Hapa ndipo wengi wetu tunaona aibu, hasa sisi wa tambarare. Lakini mwaka 1910, mashindano ya Tour de France yalipopita kwenye milima mikubwa ya Pyrenees kwa mara ya kwanza, hata Octave Lapize, aliyeibuka mshindi mwaka huo, alishuka na kusukuma baiskeli yake sehemu fulani. Gia za kubadilisha ukiwa unaendesha hazikuruhusiwa kwenye mashindano hayo mpaka 1937. Wanaume wale walikuwa na tatizo la Mngeta. Waliokimbia Kigali kwenye ubingwa wa dunia wa Septemba 2025 walipanda ukuta wa mawe wa mita 400, wenye mwinuko wa wastani wa 11 kwa 100, lakini wana gia lukuki, na hakuna aliyebeba unga.

Kukokota vizuri ni hivi: shuka kabla hujaishiwa, siyo baada ya kuanguka. Simama kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma ya siti, mikono iwe imenyooka ili mgongo usifanye kazi ya miguu. Yeye alikuwa amefunga fimbo wima nyuma ya siti, akawa anasukuma kwa hiyo bila kuinama. Ukipumzika, weka jiwe nyuma ya gurudumu, usining'inie kwenye breki.

Jambo moja niliweza kumpa mimi. Tulikwenda kwa fundi, mzee mmoja wa pale sokoni, tukamwomba abadilishe gia ya nyuma, meno 18 yawe 22. Aliniangalia. "Binti, itakuwa nyepesi sana huku chini, atachekwa." Nikamwambia acheke anayekaa huku chini. Ilibidi aongeze kipande cha mnyororo. Sasa mzunguko mmoja wa pedali ni mita 4.4 badala ya 5.4. Mlima haukuisha, ila sehemu mbili alizokuwa anakokota akawa anapita ameketi.

Kipindi cha ziada nilikihamishia mapumziko ya mchana, nusu saa kila siku. Wenye kulalamika walikuwepo, walipoteza muda wao wa mpira. Kuhusu lile neno, nilimwomba msamaha mbele ya darasa, maana nililisema mbele ya darasa. Hela ya fundi niliilipa bumu lilipotoka, wiki tatu baadaye.