Kufundisha Kivumishi "Indifferent"

Baadhi ya wanachuo hukifasiri kivumishi hiki cha Kiingereza kuwa "isiyo tofauti", kwa sababu "different" ni tofauti. Sivyo. Maana zake kuu ni mbili.

1. Asiyejali, ambaye kwake yote ni mamoja. Hufuatwa na "to": "He is indifferent to the flood", yaani, hajali mafuriko. Mtoto wa Bonde la Kilombero atauliza: nani asiyejali mto ukifurika? Hapo maana imemkaa.

2. Hafifu, wa kadiri tu. Aghalabu hutangulia nomino: "an indifferent harvest", yaani, mavuno yasiyoridhisha.

Tahadhari: usiharakishe kumwandikia mwanafunzi neno hili katika taarifa yake. Mpunga ukianza kukomaa, mtoto wa Ifakara aliyeamia ndege tangu alfajiri huenda akasinzia darasani. Huyo amechoka, kujali anajali. Neno lahukumu moyo, nawe umeona macho tu. Chunguza kwanza.

Zoezi: Eleza kwa Kiswahili tofauti baina ya "an indifferent singer" na "indifferent to singing". Kisha tunga sentensi mbili, moja kwa kila maana.