Modeli ya Usafiri ya Dar es Salaam na Pwani: Maswali na Majibu

Kabla fedha za umma hazijamwagwa kwenye lami, reli au vituo vya mabasi, wapangaji hutakiwa kuwa na modeli ya usafiri. Hiyo ni hesabu ya kompyuta inayoonyesha watu wa eneo fulani wanatoka wapi kwenda wapi, saa ngapi na kwa chombo gani, kisha inakadiria mambo yatakavyokuwa endapo kitu kimoja kitabadilishwa. Maswali yafuatayo huulizwa kila suala hili linapotajwa. Majibu yameelekezwa Dar es Salaam na jirani yake Pwani, kwa kuwa huko ndiko kosa la hesabu linakowaumiza watu wengi zaidi.

Modeli inakokotoa nini hasa?

Kwa desturi ina hatua nne. Kwanza eneo lote hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hukadiriwa kinatoa safari ngapi na kuvuta ngapi. Mbagala hutoa asubuhi, Kariakoo huvuta. Pili, safari hizo huunganishwa: wanaotoka hapa wanaishia wapi? Ukiwa na vipande 300 unapata jozi 90,000 za mwanzo na mwisho, ndiyo maana kazi hii haifanyiki kwa karatasi. Tatu, kila safari hugawiwa chombo: miguu, daladala, mwendokasi (mabasi ya haraka), bajaji, bodaboda, gari binafsi. Nne, safari huwekwa barabarani hadi ifike mahali hakuna msafiri anayeweza kuokoa muda kwa kubadili njia. Kanuni hiyo ya mwisho iliandikwa na Mwingereza John Wardrop mwaka 1952.

Mbinu yenyewe ilikomaa Marekani, hasa katika utafiti wa usafiri wa eneo la Chicago ulioanza 1955. Watu wale walikuwa wakipanga barabara za magari binafsi. Hesabu zao tunaweza kuzitumia. Dhana yao kwamba msafiri ni mtu mwenye usukani, hapana.

Kwa nini isiwe ya jiji peke yake?

Kwa sababu watu hawaishi kwa kufuata mpaka wa mkoa. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541, na ya 2022 ikaikuta na 5,383,728, ongezeko la takriban asilimia 23. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, ongezeko la asilimia 84. Si wote hao wanaoamkia Posta au Kariakoo, lakini anayejenga Mapinga, Vikindu, Kisarawe au Kibaha kwa sababu viwanja vya mjini vimempita bei, mara nyingi riziki yake bado iko Dar. Modeli inayokomea kwenye mpaka wa mkoa humwona mtu huyu kama gari lililochomoza ghafla Kiluvya, bila kwao wala sababu ya safari. Hapo huwezi kumpangia chochote.

Kuna pia malori yatokayo bandarini kuelekea Zambia, Congo, Rwanda na Burundi, yanayogawana Barabara ya Morogoro na abiria wa Kibaha. Tangu Juni 2024 ipo pia treni ya SGR ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Vyote hivyo ni vya ukanda, na ukanda ndio kipimo chake.

Takwimu zinapatikanaje?

Hapa ndipo modeli nyingi huharibikia, kwa hiyo niruhusiwe kukaa kidogo.

Msingi ni dodoso la kaya. Mdadisi anaingia nyumbani na kumwuliza kila mmoja jana yake alikwenda wapi. Mpango kamambe wa usafiri wa Dar es Salaam wa 2008, uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, ulikuwa na mahojiano ya namna hiyo. Juu ya dodoso unaongeza hesabu za magari na abiria barabarani, takwimu za sensa na mahali zilipo ajira, shule na masoko.

Lakini swali likiulizwa vibaya, jibu hupotea. Mwambie mama wa Tandale akutajie safari zake. Atakutajia aliyopanda gari, na kuacha ile ya sokoni alfajiri, ya kumpeleka mtoto shule na ya kisimani. Zote ni za miguu, kwake hazihesabiki kuwa safari. Zikiachwa nje ya modeli, njia za waenda kwa miguu na vivuko havitapata hata shilingi, kwa kuwa kompyuta itaonyesha hakuna anayepita.

Halafu kuna kuunga. Mtu wa Chanika aendaye Mwenge anaweza kupanda magari mawili au matatu. Ukihoji vituoni tu, safari moja inageuka safari tatu fupi, na mpangaji ataamini kwamba watu wanaishi karibu na kazini. Kuna na kugeuza: abiria anapanda daladala inayokwenda mwisho wa ruti, siyo anakokwenda yeye, ili apate siti na kugeuka nayo. Mhesabuji aliyesimama kituoni ataandika abiria wengi wanaoelekea mahali ambapo hawana shida napo. Mdadisi asiyezijua tabia hizi hatauliza, na hakuna programu itakayozigundua kwa niaba yake.

Daladala hazina ratiba. Zinaingizwaje?

Kwa kuzipanda. Nairobi walionyesha njia: katika mradi wa Digital Matatus, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walirekodi ruti za matatu kwa simu za mkononi, na mwaka 2014 wakatoa ramani na data kwa umma. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika, na mitaa hiyo ni mtandao ulio tayari kwa modeli.

Ratiba ikikosekana, kinachoingizwa ni wastani wa muda kati ya gari na gari kwa kila saa. Lakini ni lazima kuelewa dereva na konda wanaishije. Wana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, kwa hiyo gari haliondoki mpaka lijae, na abiria wakipungua ruti inakatishwa. Modeli inayodhani daladala inafika mwisho wa ruti usiku kama mchana inawapa wakazi wa pembezoni huduma ambayo hawaioni.

Inajuaje mtu atachagua daladala au bodaboda?

Kwa kulinganisha nauli na muda. Tuseme, kwa mfano tu, daladala ni shilingi 600 na dakika 70, bodaboda ni shilingi 3,000 na dakika 25. Bodaboda inaokoa dakika 45 kwa shilingi 2,400 zaidi, sawa na kununua saa moja kwa shilingi 3,200. Ambaye saa yake haifikii thamani hiyo atabaki kwenye daladala. Dakika za kusubiri juani huhesabiwa nzito zaidi, kwa kawaida karibu mara mbili ya dakika za kukaa ndani ya gari, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoziona.

Mwanauchumi Daniel McFadden aliyeijengea nadharia hii msingi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kabla treni ya BART ya San Francisco haijaanza kazi, makadirio rasmi yalisema itachukua asilimia 15 ya wasafiri wa kazini. Hesabu yake ilisema asilimia 6.3. Matokeo yakawa 6.2.

Tutajuaje kwamba inasema kweli?

Takwimu zilizotumika kuirekebisha zisitumike kuipima. Tenga hesabu za barabara kadhaa, usiionyeshe modeli, kisha uone inakisia nini. Kipimo kizuri zaidi ni kuirudisha nyuma: ipewe hali ya 2015, iongezewe Daraja la Kigamboni lenye tozo lililofunguliwa Aprili 2016 na mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni ulioanza Mei mwaka huohuo, halafu itoe kilichotokea. Ikishindwa kueleza miaka iliyopita, isiaminiwe kwa 2045.

Na mvua?

Kata barabara ya Jangwani ndani ya kompyuta, kama Mto Msimbazi unavyoikata unapofurika. Tazama abiria wa Barabara ya Morogoro wanamwagikia wapi na nani hafiki kabisa. Jaribio hilo ni rahisi, na kwa jiji hili naliona ni la lazima zaidi kuliko makadirio ya miaka ishirini mbele.

Barabara ikipanuliwa foleni itakwisha?

Kwa muda. Njia ikiwa nyepesi, watu hujenga mbali zaidi na wengine hununua magari. Modeli isiyorudisha mabadiliko hayo kwenye hatua ya kwanza itasifia kila upanuzi.

Mwananchi adai nini?

Adai modeli iliyolipiwa kwa fedha za umma iwe mali ya umma: dodoso, ramani, nauli zilizodhaniwa na thamani ya saa iliyowekwa kwa mtu wa kipato cha chini, vyote viwe wazi, na vyuo vyetu vipewe nafasi ya kuvirudia. Mshauri akiondoka na faili zake, mpango unaofuata unaanza upya. Nawe, mdadisi akibisha hodi kwako, mtajie safari zote za jana yake za kila aliyemo nyumbani, pamoja na ya mtoto aliyekwenda shule kwa miguu na ya bibi aliyekwenda zahanati.