Kufundisha Uzuri wa Miamba Iliyoliwa na Bahari

Somo la miamba ya pwani aghalabu hutolewa hivi: mwalimu huandika ubaoni "mmomonyoko wa bahari", huchora genge, pango na tao, nao wanafunzi hunakili. Mtoto wa Msasani, ambaye kila siku hukanyaga majabali ya tumbawe aendapo kuvua, aweza kumaliza somo hilo akiamini kwamba mambo hayo yako Ulaya tu, kwa kuwa picha ya kitabu ilitoka huko. Hasara hii ni kubwa kuliko ya alama za mtihani. Mtoto amefundishwa kutokitazama kilicho mbele yake.

Kabla ya kuandaa azimio la somo, mwalimu hana budi kulijua jiwe lenyewe. Sehemu kubwa ya majabali ya Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Watamu ni matumbawe ya kale. Yaliota chini ya maji, na wataalamu hukadiria kwamba mengi yao yamekwisha timiza zaidi ya miaka 100,000. Zama hizo bahari ilikuwa juu zaidi kwa mita kadhaa kuliko ilivyo leo; iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu, yakawa jiwe la chokaa. Ukilitazama kwa karibu utaona bado alama za matumbawe na magome ya kombe. Mwanafunzi aliyesimama juu ya genge la Oyster Bay amesimama juu ya sakafu ya bahari ya zamani. Jambo hili peke yake latosha kuwanyamazisha darasa la tano kwa dakika nzima.

Sasa jiwe hilo linaliwa. Walimu wengi husema "mawimbi huligonga likavunjika", wakaishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Mawimbi yana kazi yake, lakini wako pia wafanyakazi wadogo: konokono wa miambani wenye ndimi kama tupa hukwangua ukoga juu ya jiwe na kulikwangua jiwe pamoja nao, na wako wanyama wengine wanaotoboa mashimo na kuishi ndani yake. Kazi hiyo hufanyika zaidi pale maji yanapojaa na kupwa, kwa hiyo jabali hulika kiunoni ilhali kichwa chake kimebaki. Ndiyo asili ya vile visiwa vya Watamu vilivyosimama kama uyoga, na ya lile jabali la Pingwe, Unguja, linalozungukwa na maji yajaapo. Juu, mahali mawimbi yasipofika ila kwa marasharasha, kazi ni ya mvua na chumvi. Maji ya mvua yana asidi hafifu inayoyeyusha chokaa, na ndiyo maana uso wa jabali umejaa vishimo na ncha kali zinazochana nyayo.

Asidi hiyo ionyeshwe darasani. Tia kipande cha tumbawe au ganda la yai katika siki. Povu litakalotoka ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Walimu wa bara wasio na tumbawe watumie ganda la yai au la konokono. Chaki ya ubaoni isitegemewe, maana chaki nyingi ni jasi, na jasi haitoi povu. Nawe utabaki umesimama mbele ya watoto arobaini ukingoja.

Ama uzuri, usiwaambie wanafunzi kwamba miamba ni mizuri. Wakishaambiwa, wataandika "miamba ni mizuri" na kazi itakuwa imekwisha. Waketi mahali pamoja, wachore jabali moja kwa dakika ishirini bila kufuta. Waulize: rangi yabadilika wapi? Kivuli chaanzia wapi? Mtoto anayechora atagundua mwenyewe kwamba juu jiwe ni jeusi-jeusi, palipomeguka karibuni ni jeupe, na chini pana mstari wa ukijani uliolingana kama uliopigwa kwa rula. Mstari huo ni alama ya maji, na hapo sayansi na sanaa zimekutana bila mwalimu kulazimisha. Mifano watakayoitoa, kama vile ngalawa iliyopinduka au bibi aliyejitwika kapu, iandikwe kwa maneno yao na itumike katika kipindi cha insha.

Lakini uyoga huo huanguka. Mawe makubwa yaliyolala chini ya genge yalikuwa sehemu ya genge hilohilo. Mwanafunzi yeyote asiketi chini ya mwamba ulioliwa tumbo, hata jua likiwa kali na kivuli kikivutia. Waulizwe wavuvi habari za maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4, nayo maji hutumia saa sita na kitu tu kutoka kupwa hadi kujaa. Darasa lishuke maji yakiwa bado yanakupwa, na lipande kabla hayajageuka. Wote wavae viatu.

Litakuja swali ambalo kitabu hakina. Kuna mtoto ambaye babaye huchimba jiwe hili au hulichoma tanuuni kupata chokaa. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa chake. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa tumbawe. Mtoto huyo atauliza kama baba yake anaharibu. Asijibiwe haraka, wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Darasa litofautishe kwanza jiwe la kale la nchi kavu na tumbawe hai la baharini, ambalo likivunjwa samaki hukosa makazi na pwani hukosa kinga ya mawimbi. Kisha wajadili nyumba zao zimejengwa kwa nini na chokaa yake imetoka wapi. Kipindi kimoja cha dakika arobaini hakitoshi kwa mjadala huo, na uwekwe siku nyingine, baada ya michoro kubandikwa ukutani.