"Sista, fanya chochote!"

Saa nane usiku, katika zahanati moja upande wa Ihumwa, Dodoma, zamu ina muuguzi mmoja tu. Mama amejifungua salama na ndugu wameshaanza kupiga simu za hongera. Mara kanga aliyofungwa inalowa damu. Inabadilishwa, na ya pili inalowa. Shemeji anasimama mlangoni: "Sista, fanya chochote!"

Tulizungumze hilo neno "chochote".

Anachoruhusiwa muuguzi mkunga ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Akiwa amefunzwa na ana leseni, hahitaji kumsubiri daktari ndipo azuie damu. Atasugua tumbo chini ya kitovu mpaka mfuko wa uzazi uwe mgumu, atahakikisha kibofu kitupu, atachoma oksitosini yuniti 10 pajani, ataweka dripu, kisha atakagua kama kondo la nyuma limetoka lote na kama kuna mahali palipochanika. Mama akishikwa na kifafa cha mimba, dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti hutolewa hapohapo, kabla gari halijaondoka. Mtoto asiyepumua anasaidiwa kwa mfuko wa hewa na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ile wanayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo ya kuwasaidia watoto hivyo yalipofuatiliwa katika hospitali 8 nchini Tanzania, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo muuguzi anayekunja mikono akisema "mimi si daktari" naye ana la kujibu.

Kisu ni habari nyingine. Hata kama ameshuhudia upasuaji mara mia, dharura haimpandishi cheo. Mtu atasema: mbona Tanzania tangu miaka ya 1960 imekuwa na madaktari wasaidizi, na wengi wao wamewapasua akina mama wakati wa uzazi? Ni kweli, ila walisomeshwa kwanza. Mpaka ulisogezwa darasani, haukusogezwa na kelele za ndugu mlangoni.

Kwa hiyo badala ya "chochote", uliza mambo mawili: mganga mfawidhi ameshapigiwa? Gari limeitwa? Namba ya m-mama ni 115, haitozwi. Mfumo huo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga ulizinduliwa kitaifa hapahapa Dodoma Aprili 2022, na ambulensi ikiwa mbali huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Mwambie wazi anayepokea simu yuko wapi mgonjwa na ana tatizo gani.

Kwa muuguzi mwenyewe: agizo la simu lirudie kwa sauti ili aliyelitoa asikie ulichokielewa, kisha liandike pamoja na jina lake na saa. Leseni yako iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya 2010, na siku ya kuulizwa, karatasi iliyoandikwa usiku uleule itakusemea vizuri kuliko kumbukumbu. (Mwandiko usomeke, tafadhali.) Nakala iende na mgonjwa: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Wenzako wa hospitali ya General au Benjamin Mkapa wasiposoma hayo, wanaweza kumchoma tena dawa ileile.

Ajali ya lori au bodaboda barabara ya Morogoro ina kanuni hiyohiyo. Muuguzi aliyeshuka kwenye daladala abane jeraha linalovuja kwa kitambaa safi, asimnyanyue ovyo aliyeumia shingo, na asianze kushona kando ya lami.

Ndugu nao wana kazi. Mmoja achukue kadi ya kliniki, wawili walio tayari kutoa damu wapande gari. Na shemeji aliyekuwa akipiga kelele apewe chupa ya dripu, aishike juu mpaka mjini.