Kuazima, Kukopa au Kuchenji? Vitenzi vya Hesabu na Mabadiliko ya Mbinu za Kuifundisha Shuleni

Utangulizi

Wanafasihi tumezoea kusema kwamba kila masimulizi huwa na mhusika, tendo na mgogoro. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu ya kutoa anayofundishwa mtoto wa darasa la pili nayo ni masimulizi mafupi, na kwamba kila mbinu ya kuifundisha huja na kisa chake. Nchini Kenya mbinu zimebadilika mara kadhaa tangu uhuru. Vitenzi vinavyozisimulia havikubadilika kwa kasi hiyo, na anayelipia pengo hilo ni mtoto. Mifano mingi imetolewa Loresho, magharibi mwa Nairobi, anakoishi mwandishi. Mtaa huo una nyumba kubwa zenye bustani, lakini umepakana na Kangemi na Kibagare, na watoto wa pande hizo huhesabu kwa lugha tofauti kabla hawajafika shuleni.

Visa viwili vya 52 kutoa 27

Tuichukue hesabu moja tu. Katika mbinu ya kwanza, iliyotumiwa sana katika shule za Uingereza hadi katikati ya karne ya 20, mwanafunzi husema: mbili kutoa saba haiwezekani, nachukua kumi, mbili inakuwa kumi na mbili, kumi na mbili kutoa saba ni tano. Kisha hulipa. Ile mbili ya chini, katika safu ya makumi, huwa tatu. Tano kutoa tatu ni mbili. Jibu ni 25. Siri ya mbinu hii ni kwamba nambari zote mbili zimeongezwa kumi, hivyo tofauti kati yake haikuguswa. Mtoto haelezwi hayo. Anachoelezwa ni kisa cha deni: umechukua juu, lipa chini.

Mbinu ya pili, ambayo ndiyo imeenea leo, haiongezi kitu. Makumi matano na mamoja mawili hupangwa upya yakawa makumi manne na mamoja kumi na mawili. Ni 52 ile ile. Kumi na mbili kutoa saba ni tano, makumi manne kutoa makumi mawili ni makumi mawili. Jibu ni lile lile, ila kisa ni kingine kabisa. Hakuna aliyedai wala aliyedaiwa.

Ajabu ni kwamba walimu wengi waliendelea kukisimulia kisa cha pili kwa kitenzi cha kisa cha kwanza. "Mbili haitoshi, azima kwa jirani." Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kusimama kidogo. Lugha yetu hutofautisha kuazima na kukopa. Jirani akiazima jembe hurudisha jembe lile lile. Akikopa kibaba cha sukari hurudisha kibaba kingine, kwa kuwa kile cha kwanza kimekwisha kunywewa chai. Vitenzi vyote viwili vina ahadi ya kurudisha ndani yake. Katika mbinu ya pili hakuna kinachorudishwa, kwa hiyo kitenzi kinatoa ahadi ambayo hesabu haiitimizi. Msichana mmoja wa darasa la tatu niliyekuwa nikimsaidia kazi ya nyumbani aliliona hilo kabla yangu. Aliniuliza, "Mwalimu, hiyo kumi tutairudisha lini?"

Asiyeuliza hujitungia sheria. Watoto wengi, duniani kote, huandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35: tano kutoa mbili ni tatu, na saba kutoa mbili ni tano. Ameambiwa kwamba mbili haiwezi kutolewa saba, naye ameona kwamba saba inaweza kutolewa mbili. Kosa hilo si la uzembe. Limefuata mantiki, isipokuwa mantiki hiyo haikuwahi kusikilizwa na mtu.

Kutoka Entebbe hadi Mtaala wa Umilisi

Mabadiliko makubwa ya kwanza baada ya ukoloni kukaribia kwisha yalianzia Entebbe, Uganda, mwaka 1962. Huko walikutana wanahisabati na walimu wa Afrika, Marekani na Uingereza kuandika vitabu vya Hisabati Mpya. Marekani, iliyoshtushwa na setilaiti ya Wasovieti ya mwaka 1957, ilikuwa ikibadilisha hisabati za shule zake, na fikra zile zile zikaletwa kwetu. Mtoto hakupaswa tena kukariri bila kuelewa. Alianza na seti, akajifunza thamani ya nafasi ya tarakimu, akaandika 52 kuwa 50 na 2. Kwa nia, mradi huo ulistahili sifa. Hata hivyo, vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na walimu wengi walipewa maudhui mapya bila mafunzo ya kutosha. Wazazi nao hawakuweza kuwasaidia watoto wao. Mwaka 1981 Rais Moi alitangaza kuondolewa kwa Hisabati Mpya katika shule za Kenya. Ikumbukwe kwamba katika mjadala ule hisabati yenyewe ndiyo iliyoshtakiwa. Lugha iliyoibeba haikuitwa hata kutoa ushahidi.

Lakini lugha ilikuwa pale. Tume ya Ominde (1964) ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi (1976) ikarudisha lugha ya eneo la shule katika miaka mitatu ya mwanzo. Katika jiji lenye makabila mengi hiyo ilimaanisha Kiswahili au Kiingereza, na shule nyingi za Nairobi zilichagua Kiingereza. Kwa mtoto wa Loresho aliyelelewa kwa Kiingereza si tatizo. Mwenzake wa Kangemi anakutana na mbinu ngeni katika lugha ngeni, siku moja, kwa mwalimu mmoja.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuja na mtihani wa KCPE. Karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa saa mbili. Nadhani athari yake kubwa haijasemwa vya kutosha: mtihani wa kuchagua haumsikilizi mtoto. Aliyepata 25 kwa kulipa deni, aliyepata 25 kwa kupanga upya na aliyebahatisha wote walipewa alama ile ile. Kisa kikatoweka, likabaki jibu. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na katika darasa lililofurika hata mwalimu mwenye nia njema hana nafasi ya kumwuliza kila mtoto amefikaje alikofika. Miaka ya mwanzo ya 2010 tathmini za Uwezo zilionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unataka mtoto ahesabu kwa vifuniko vya chupa, vijiti na sarafu, na aeleze alivyofikiri. Aeleze kwa lugha gani? Swali hili mtaala umeliacha mikononi mwa shule.

Soko la Kangemi na barabara za Recife

Mtoto anayemsaidia mamaye kuuza nyanya sokoni Kangemi hupewa noti ya shilingi mia kwa bidhaa ya shilingi 65. Haandiki wala haazimi. Huhesabu kwa kupanda, sarafu zikishuka kiganjani mwa mteja: tano, sabini, thelathini, mia. Chenji ni 35. Mpe 100 kutoa 65 kwenye daftari, na huenda akakwama, kwa sababu mbinu ya kuandika inamtaka avuke sufuri mbili. Ana msamiati kamili wa kazi hiyo: mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia, na anajua kwamba mbao tano ni soo kabla hajaonyeshwa jedwali la kuzidisha.

Hali hii si ya Kangemi pekee. Mwaka 1985 watafiti Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha uchunguzi kuhusu watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazili, wa miaka 9 hadi 15. Walipouza bidhaa, majibu yao yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Hesabu hizo zilipogeuzwa kuwa maswali ya maelezo zilishuka hadi asilimia 74, na zilipoandikwa kama tarakimu tupu, asilimia 37. Wachuuzi walikuwa wale wale.

Hazina tuliyo nayo

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya hisabati. Hoja hiyo haina mashiko. Tanzania imefundisha hisabati za shule ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967. Sehemu ina kiasi na asili. Mtoto hutafuta kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika. Pwani, kabla ya shule hizi, wafanyabiashara walijua nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi na thumuni, na walipima nafaka kwa pishi ya vibaba vinne. Sumuni yetu ya senti 50 ni thumuni, moja ya nane, iliyobaki mfukoni baada ya maana yake kusahaulika.

Mfumo wetu wa nambari nao unasaidia. Kumi na moja inajieleza yenyewe, tofauti na jina lake la Kiingereza. Ni kweli kwamba ishirini, thelathini na arubaini, zilizotoka Kiarabu, zinaficha makumi yake, na hapo mwalimu hana budi kusema makumi mawili, makumi matatu, hadi sikio lizoee.

Basi, kwa mbinu ya sasa, kitenzi kinachofaa ni kipi? Kuchenji. Wasanifu wa lugha watakunja uso, lakini hicho ndicho kitenzi kinachosimulia kilichotendeka: thamani haikubadilika, umbo limebadilika, hakuna deni. Niliyajaribu haya na yule msichana wa darasa la tatu. Nilimpa sarafu tano za shilingi kumi na mbili za shilingi moja, kisha nikamwomba aninunulie kitu cha shilingi 27. Alitoa sarafu mbili za kumi, akatazama zile mbili za moja, akasema, "Nichenjie hii." Nikampa za moja kumi. Alihesabu saba, akanionyesha zilizobaki, akaandika 25.

Tulipofika 304 kutoa 168 alisita kwenye sufuri, kwa kuwa hakukuwa na sarafu ya kumi ya kuchenji. Kisha akaisukuma mbele noti moja ya mia.